Miunganisho ya HTTP: Kwa nini programu huganda bila kutoa kosa

PROGRAMU za malipo au za kukata tiketi hupata taarifa zake kwa kuwasiliana na seva nyingine kupitia itifaki ya HTTP. Ili kuhudumia wateja wengi kwa wakati mmoja, programu hizo hugawa kazi katika nyuzi, yaani mikondo ya utekelezaji inayokwenda sambamba.

Kila uzi unaoiita seva huhitaji muunganisho. Kufungua mpya kwa kila ombi hupoteza muda, kwani kompyuta hizo mbili lazima kwanza zipeane ishara, na mawasiliano yakiwa ya siri, zikubaliane pia funguo. Ndiyo maana miunganisho huwekwa katika akiba ya pamoja: uzi huazima mmoja, huutumia, kisha huurudisha.

Mfano unaofahamika kwa waandishi wa programu za Java ni maktaba ya Apache HttpClient. Katika matoleo yake ya 4, akiba isiyorekebishwa huruhusu miunganisho 2 tu kwa kila seva na 20 kwa jumla. Kiwango hicho cha 2 kina asili yake katika waraka wa RFC 2616 wa mwaka 1999. Hata hivyo, waraka wa RFC 7230 wa mwaka 2014 uliachana na idadi hiyo.

Hatari huanza pale uzi unapokumbwa na kosa na kuacha jibu la seva bila kulifunga. Muunganisho huo haurudi katika akiba. Likitokea mara mbili, seva hiyo haifikiki tena. Nyuzi zinazofuata hupanga foleni, na kama hazikuwekewa ukomo wa kusubiri, zitasubiri milele. Hakuna kosa linaloandikwa, wala kichakato hakielemewi; mteja huona tu huduma imeganda. Kuiwasha upya huleta nafuu ya muda.

Tiba yake ni nidhamu. Akiba iundwe mara moja na kutumiwa na nyuzi zote. Kila jibu lifungwe, hata kosa linapotokea. Uwekwe ukomo wa muda wa kuazima muunganisho, wa kuifikia seva na wa kusubiri data. Aidha, idadi ya miunganisho ilingane na wingi wa nyuzi pamoja na uwezo wa seva inayoitwa, kwani kuiongeza ovyo huhamishia foleni upande wa pili.