Chombo katika Maji Baridi: Maneno ya Utunzaji wa Vyombo toka Dar es Salaam hata Maziwani

Mtu wa pwani huyaita maji yasiyo na chumvi "maji baridi", hata yakiwa yamechemka kwa jua. Ubaridi huo ni wa ladha, si wa joto. Kwa baharia, hata hivyo, jina hili lina onyo ndani yake. Maji baridi ni maji ya mvua yaingiayo chomboni yakatulia ngamani, nayo huyahofia kuliko maji ya bahari yavujayo katika maungio ya mbao. Kwa sababu chumvi huzuia kuvu kidogo, bali mvua huilea. Makala haya yataka kuchungua jambo moja: ufundi wa kutunza tumbo la chombo uliozaliwa katika maji ya chumvi ulipata mabadiliko gani ulipopelekwa maziwani, na maneno yake yalipatwa na nini njiani.

Tuanze bandarini Dar es Salaam, mji ulioanza kujengwa na Sayyid Majid katika miaka ya 1860. Hapa, kama katika pwani yote, maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 na zaidi wakati wa bamvua. Nahodha wa chombo kidogo hakuhitaji mtambo wo wote. Alikiingiza chombo ufukoni maji yakiwa yamejaa, akakiegemeza kwa magogo, na maji yalipokupwa tumbo lote lilibaki wazi. Watu wakakwangua magamba na mwani, wakawasha makuti makavu chini ya mbao ili moto uue wadudu bila kuunguza ubao, wakashindilia pamba au usumba uliotiwa mafuta katika maungio, kisha wakapaka deheni, yaani chokaa iliyopondwa pamoja na shahamu. Sehemu za juu zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake ye yote aliyepata kupanda jahazi hawezi kuisahau. Bahari ilirudi, na chombo kikaelea.

Kazi yote hiyo ilikuwa na adui mmoja mkubwa. Wataalamu humwita Teredo. Watu humdhania mnyoo, lakini ni ndugu wa chaza, na gamba lake dogo ndilo keekee yake. Huingia katika ubao kwa tundu lisiloonekana, akala ndani mpaka ubao mzima ukawa kama sega la nyuki huku uso wake u mzima. Katika miaka ya 1730 aliharibu nguzo za kuta zilizozuia bahari huko Uholanzi, nchi nzima ikaingiwa na hofu. Lakini mnyama huyu hawezi kuishi katika maji baridi. Chombo kikiingizwa mtoni kikakaa muda wa kutosha, hufia mle mle katika tundu zake.

Maneno ya ufundi huu yametoka mbali. Deheni na shahamu ni ya Kiarabu, yote mawili yakihusu mafuta. Kalafati, yaani kuziba maungio, imesafiri zaidi: Waarabu wanayo, Wareno wanayo, Wataliano wanayo, na Wagiriki vile vile. Mfalme Mikaeli wa Tano wa Bizanti, aliyetawala toka 1041 hata 1042, aliitwa Kalaphates kwa kuwa baba yake alikuwa fundi wa kazi hiyo. Wenye elimu wangali wakibishana kama neno lilitoka kwa Waarabu kwenda kwa Wagiriki au kinyume chake. Sisi yatutosha kujua kwamba mabaharia hawakungoja wanavyuoni.

Sasa twende bara. Machi 1858 Speke alilivuka Ziwa Tanganyika kutafuta jahazi la mfanyabiashara wa Kiarabu, asilipate; lakini habari yenyewe yatuonyesha kwamba chombo cha namna ya pwani kilikuwa kimekwisha fika ziwani. Katika miaka ya 1870 Songoro, mfanyabiashara wa pwani, aliundisha jahazi Ukerewe. Mafundi waliounda vyombo hivyo walikuta maji yasiyo na Teredo. Deheni haikukosa faida kabisa, kwani shahamu huzuia maji. Ila adui aliyeilazimu hakuwapo. Kalafati ilibaki, kwa kuwa ubao huvuja po pote. Na uozo ulishika nafasi ya mdudu: si chini kabisa, maana ubao uzamao daima hauozi upesi, bali kwenye mstari wa maji na juu yake, palipo na unyevu na hewa pamoja.

Mafundi hao walikosa jambo kubwa zaidi, nalo ni kupwa na kujaa. Ziwa halina bamvua. Chombo hakiwezi kuachwa kikavu na maji. Sharti kivutwe kwa nguvu za watu, au kijengewe mahali maalumu.

Ushahidi wa ajabu wa tabia ya maji baridi ni meli iliyopita Dar es Salaam ikiwa vipande. Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikapelekwa Kigoma kwa reli na kushushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kupaka mitambo yake mafuta mazito. Waingereza waliiinua 1924. Na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Chuma kilicholala miaka kadhaa katika bandari ya chumvi kisingaliinuka kwa urahisi vile. Vita hiyo hiyo ndiyo iliyouachia mji wa Dar es Salaam jina la Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza.

Leo katika maduka ya Kariakoo na Gerezani mtu hununua rangi na misumari, na vyombo vingi vipya ni vya fiberi. Hapa mambo yamegeuka. Maji baridi, yaliyokuwa rafiki wa ubao dhidi ya mdudu, hupenya ngozi ya fiberi kuliko maji ya chumvi, yakafanya malengelenge chini ya rangi. Boti ya fiberi iliyofungwa ziwani yafaa kupandishwa nchi kavu mara kwa mara ipate kukauka.

Kamusi ya Krapf ya 1882, na zile za Johnson na Sacleux za 1939, zilikusanya maneno ya baharini kwa bidii ya kusifiwa, lakini kwa sikio la pwani. Fundi wa ziwani hakuulizwa. Naona hasara hiyo yaweza bado kupunguzwa, wazee wa kazi wangalipo.

Mfano ni chelezo. Asili yake ni kuelea, na maana yake ya kale ni kitu kieleacho. Dar es Salaam ilikuwa na chelezo cha kuelea cha kutengenezea meli; Wajerumani walikizamisha mlangoni mwa bandari Agosti 1914. Huko Mwanza, ambako mkataba wa chelezo kipya ulitiwa sahihi 2018, neno hilo ni jina la mahali meli hupandishwa kavu, ambapo hakuna chombo kinachoelea.