Namba Tisa na Makombe Mawili ya Mlandege

Januari 2023, katika nusu fainali ya Kombe la Mapinduzi kwenye uwanja wa Amaan, Unguja, Francy Kazadi aliifunga Azam mabao manne peke yake. Mshambuliaji huyo kutoka Kongo alikuwa amesajiliwa na Singida Big Stars, na siku hiyo Singida ilishinda 4-1. Waliotoka uwanjani jioni ile walikuwa na jina moja tu midomoni. Fainali ilipofika tarehe 13, mpinzani wake alikuwa Mlandege, timu ya mtaa ulio ng'ambo ya Darajani, isiyo na fedha za kumleta mtu wa aina ya Kazadi. Mlandege ikashinda 2-1. Kazadi aliondoka na heshima ya mfungaji bora, kombe likabaki Unguja.

Tangu Miembeni ilipolitwaa mwaka 2009, hakuna timu ya Zanzibar iliyokuwa imelishika tena kombe hilo. Lilikuwa likivuka bahari kila mwaka. Azam ililichukua mara tano, Simba na Yanga zikapokezana, Mtibwa Sugar ikapata zamu yake, na KCCA na URA zikalipeleka hadi Uganda. Wageni hao walikuja na washambuliaji wa kuogopwa. Azam ya 2012 na 2013 ilikuwa na John Bocco, mrefu na hatari kwa vichwa, na Kipre Tchetche wa Ivory Coast, mwenye mbio na shabaha. Lakini ukiiangalia Azam ile kwa makini utaona kwamba Bocco na Kipre walikuwa ncha tu ya kazi ya watu wengi. Nyuma yao kulikuwa na viungo wanaonyang'anya mpira mapema, mabeki wa pembeni wanaopanda, na mawinga wanaojua krosi ipigwe lini na ipigwe wapi. Hapo ndipo klabu nyingi zetu zinapokosea hesabu. Zinanunua namba tisa kwanza, kisha zinamwacha mbele asubiri mipira isiyofika.

Fumbo la nani aanze, mfungaji au wanaomtumikia, haliko kwenye soka peke yake. Linaumiza vichwa hata katika Pokémon, mchezo wa kielektroniki uliotoka Japani mwaka 1996, ambamo mchezaji huunda kikosi cha viumbe wa kubuni na kukipambanisha na kikosi cha mwenzake. Katika mashindano ya dunia anakuja na viumbe sita, anachagua wanne kwa kila pambano, na wawili wawili ndio wanaoingia ulingoni. Wengi huanza kwa kuchagua mshambuliaji mmoja mkali, kisha hutafuta watakaomlinda. Mwaka 2014, mjini Washington, Mkorea Se Jun Park alikuwa na Gyarados, joka kubwa la majini lenye nguvu za kutisha. Pembeni yake alimweka Pachirisu, kindi mdogo mweupe ambaye washindani wengi hawakumdhania kabisa. Kazi ya kindi huyo ilikuwa kuvuta mapigo yote yamwelekee yeye, ili Gyarados abaki mzima na kupata nafasi ya kupiga. Park akawa bingwa wa dunia, na jina la Pachirisu likavuma kuliko la wababe wote waliokuwapo.

Kila kocha wa mtaani anamjua Pachirisu wake. Ni yule kiungo mkabaji anayekula mateke dakika tisini, anayewatoa mabeki kwenye nafasi zao kwa mbio zisizo na mpira, na asiyetajwa redioni usiku.

Zanzibar Heroes, timu ya taifa, ya Desemba 2017 ilikuwa na watu wa namna hiyo wengi. Julai ya mwaka huo Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilikuwa limeinyang'anya Zanzibar uanachama ilioupata Machi tu, na vijana wa kocha Hemed Suleiman Morocco walikwenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji na jeraha hilo likiwa bado bichi. Waliifunga Tanzania Bara 2-1, wakaitoa Uganda katika nusu fainali, na katika fainali ya Machakos wakasawazisha mara mbili mbele ya wenyeji. Mabao yote mawili aliyafunga Khamis Mussa. Matuta ndiyo yaliyowaangusha, maana kipa Patrick Matasi alipangua matatu. Kwangu mimi, ile ilikuwa timu iliyomtengenezea mfungaji wake kila kitu alichohitaji, na ndiyo maana mfungaji huyo alionekana mkubwa.

Mlandege nayo ilikuwa na historia yake kabla ya 2023. Ilikuwa bingwa wa Zanzibar 2001 na 2002, ikarudi kileleni msimu wa 2019/20, kisha ikatolewa na CS Sfaxien ya Tunisia katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka 2023, kabla ya kukutana na Kazadi, ilishaifunga Simba 1-0 katika hatua ya makundi. Wengi walisema ni bahati.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Januari 2024, Amaan ikiwa imefunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa, Simba na Mlandege zilikutana tena, safari hii katika fainali. Mlandege ilifika hapo kwa kuitoa APR ya Rwanda kwa penalti. Simba ilikuwa katikati ya kubadilisha safu yake ya mbele. Mwezi huohuo iliachana na Jean Baleke na Moses Phiri, ikawaleta Pa Omar Jobe na Freddy Michael. Dakika ya 54 Mganda Joseph Akandwanaho aliifungia Mlandege. Bao moja, na zilibaki zaidi ya dakika thelathini za kulilinda mbele ya timu iliyozoea robo fainali za Afrika. Mlandege ililinda. Mabeki waliondoa mpira kwanza, urembo baadaye, na viungo wakarudi kuwasaidia. Kombe likabaki kwa mara ya pili mfululizo.

Nafasi ya kulitwaa mara ya tatu mfululizo haikuja. Mwaka 2025 mashindano yaligeuzwa kuwa ya timu za taifa, fainali ikachezwa Gombani, Pemba, na Zanzibar Heroes ikaifunga Burkina Faso 2-1.