Shairi na Jawabu Lake

Mwanafunzi mpenzi, ufunguapo diwani ya mashairi ya kale, mara nyingi hukuta ubeti mmoja umesimama peke yake ukurasani, kama msafiri aliyeachwa pwani na chombo. Huusoma mara ya kwanza, ukausoma mara ya pili, kisha ukamwuliza mwalimu maana yake. Mwalimu naye hutupa jicho chini ya ukurasa kutazama kama pana maelezo.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa namna hiyo. Katika mtihani mmoja niliulizwa maana ya ubeti wa Muyaka bin Haji, nami nikajaza kurasa mbili kwa habari za bahari na pepo. Nilipewa sifuri, wala sikudhulumiwa. Maneno yale yalikuwa fumbo, na mimi sikujua ni nani aliyefumbiwa. Nililisoma shairi kama mtu anayesikia ugomvi wa jirani kupitia ukutani, akamsikia mmoja tu wa wagomvi, kisha akatoka kwenda kueleza kisa kizima. Yapo mashairi mengi ya Kiswahili ambayo hayakutungwa yasomwe peke yake. Yalitungwa yajibiwe, na habari ya majibu hayo ndiyo ninayotaka kukusimulia hapa.

Muyaka alizaliwa Mombasa karibu na mwaka wa 1776, akafa karibu na mwaka wa 1840. Katika sehemu kubwa ya maisha yake mji ulikuwa mikononi mwa Wamazrui, waliotawala kutoka Ngome ya Yesu. Kabla ya zama zake, mengi ya yale yaliyohifadhiwa kwa maandishi yalikuwa tendi na kasida, maneno ya dini na ya mashujaa wa dini. Muyaka alilichukua shairi la mishororo minne, kila mshororo mizani 16, 8 kwa 8, akalitia katika kila jambo la mjini: biashara, mapenzi, rafiki mwenye hila, na siasa ya watawala. Wanazuoni husema kwamba alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Mimi naona lilifika barazani kwanza.

Baraza, kama haukupata kuiona, ni kile kiti cha jiwe au cha udongo kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo watu huketi jioni kuzungumza. Hapo ndipo shairi lilipoishi. Mtu alitoa ubeti, waliohudhuria wakaushika kwa moyo, na kabla ya siku nyingi kupita ukawa umefika baraza nyingine. Aliyeguswa nao alikuwa hana budi kujibu. Kunyamaza kulikuwa kushindwa. Tena hakujibu apendavyo, kwa kuwa aghalabu alishikwa na vina vile vile alivyovichagua mwenzake: kama yule amemaliza kwa «-ma», na huyu amalize kwa «-ma». Hebu jaribu jambo hilo ukiwa umekasirika, nawe utaona jinsi lilivyompasa mtu kuituliza hasira yake kwanza, apate kuhesabu mizani.

Usidhani, basi, kwamba mchezo huu ulikuwa wa watu wasio na kazi. Mapema katika karne ya 19 Mombasa, ikishirikiana na Pate, ilikuwa katika uadui mkubwa na Lamu. Muyaka alitunga kwa upande wa Mombasa. Kwa upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, ambaye hakuwa malenga tu, bali alikuwa miongoni mwa viongozi wa mji wake. Kati ya miji hiyo miwili pana zaidi ya kilomita 200 za bahari. Hata hivyo mashairi yalivuka, mengine vichwani mwa mabaharia, mengine yameandikwa kwa hati za Kiarabu. Huku walitisha, kule wakadharau vitisho. Huku walijisifu, kule wakawakumbusha wenye kujisifu mambo ambayo wangependa yasahauliwe.

Kisha maneno yakaisha, silaha zikaanza. Baada ya mwaka wa 1810, wala haikuzidi miaka mitano, majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka Shela, mwendo mfupi kutoka mji wa Lamu, yakapigwa vibaya. Masimulizi ya huko husema kwamba wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekwama mchangani, na wengi wakauawa pale pale. Watu wa Lamu, pamoja na ushindi wao, walihofia kisasi, wakataka ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman. Hivyo Waomani wakapata mahali pa kukanyaga katika pwani ya kaskazini, na mwaka wa 1837 Mombasa yenyewe ikaanguka mikononi mwa Seyyid Said. Muyaka alikuwa hai bado. Aliiona siku ile.

Sasa nakuomba ufikiri. Mashairi haya tunayapata wapi, ilhali Muyaka hakuacha kitabu kilichopigwa chapa? Miaka 40 na zaidi baada ya kufa kwake, alikuwapo Mombasa mwalimu mmoja, naye ni mshairi, jina lake Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Mzee huyu aliyakusanya mashairi ya Muyaka yaliyokuwa bado vinywani mwa watu, akayaandika kwa hati za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo pamoja na Mwingereza aliyekuwa mmisionari hapo Mombasa, William Taylor, mtu aliyekijua Kiswahili cha Mvita kuliko wageni wengi wa wakati wake. Sikujua alifariki mwaka wa 1890. Taylor alirudi Uingereza na makaratasi, akafariki mwaka wa 1927. Ndipo William Hichens alipoyachukua, akayapanga, akayatoa kwa herufi za Kirumi huko Johannesburg mwaka wa 1940, kwa jina la Diwani ya Muyaka. Waliokesha kuyaandika walikuwa wamekwisha kufa wote wawili.

Bila ya Sikujua tusingekuwa na Muyaka. Hilo halina shaka, na mimi huona haya kila nionapo kitabu cha shule kikimtaja Muyaka pasipo kumtaja yeye. Lakini angalia kazi yenyewe jinsi ilivyokuwa. Aliyatafuta mashairi ya mtu mmoja. Baadhi ya majibu yalikuja pamoja nayo, kwa kuwa wazee walioyakumbuka maneno ya Muyaka waliwakumbuka na waliobishana naye. Mengine hayakuja. Yule asiye na jina kubwa, aliyeketi baraza ya pili akamjibu bingwa kwa beti mbili nzuri, alikufa na beti zake zikafa. Ndiyo sababu ukurasani tunamkuta Muyaka akimkemea mtu tusiyemwona, akimwuliza swali mtu asiyesikika.

Kilichoyaokoa majibu ya nyakati za baadaye ni gazeti. Mwaka wa 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha huko Dar es Salaam gazeti la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo, likafungua nafasi kwa mashairi ya wasomaji. Baraza ikahamia kwenye karatasi. Karani alitunga, akatia stempu katika bahasha, akangoja. Shairi lake lilipotoka, mtu wa wilaya nyingine asiyemjua kwa sura alimjibu, naye jawabu lake likatoka kwa herufi zile zile na kwa heshima ile ile. Huko ndiko Shaaban Robert alikotoa baadhi ya mashairi yake ya mwanzo. Ubaya wake ulikuwa mmoja: hasira ililazimika kungoja mwezi mzima, na pengine ilipoa njiani. Wizani na vina vilikaguliwa na kila msomaji, watu wakakosoana wee, hata ikawa haja kanuni ziandikwe. Mwaka wa 1954 Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, alitoa kitabu chake juu ya sheria za kutunga mashairi.

Wala Lamu haikuiacha desturi yake. Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa kugombea kiti cha Bunge, washairi wa pande zilizoshindana walijibizana kwa mashairi yaliyojulikana kwa jina la Kimwondo. Yalinaswa katika kanda, yakasikilizwa mitaani. Safari hii walipatikana watu walioyahifadhi ya pande zote.

Muhula uliopita niliwapa wanachuo wangu ubeti mmoja wa Muyaka, katika zile zilizokosa jawabu, nikawaambia wajifanye watu wa Lamu, waujibu kwa vina vile vile. Walikuwa 32, wengi wao wa bara. Walinung'unika. Mmoja aliniuliza atamjibuje mtu ambaye hajui alichokosewa, nami nikamwambia kwamba hilo ndilo swali lililonipa sifuri. Kwa siku tatu niliwasikia wakihesabu mizani kwa vidole hata katika foleni ya chakula. Majawabu tisa yalitimiza vina vyote. Mawili yalikuwa makali kiasi cha kunifanya nitamani Muyaka angalikuwapo ayasikie. Nimeyafunga yote 32 katika jalada moja, na ule ubeti wa kwanza nimeuweka juu yake.