Nani ni kiziwi hasa? Somo kutoka Gallaudet

Ndugu zetu vijana, na ninyi mnaofanya kazi na sisi kambini, leo tunaenda mbali kidogo, mpaka Washington, Marekani. Huko kuna Chuo Kikuu cha Gallaudet, kilichoanza mwaka 1864 kwa ajili ya viziwi.

Kwa miaka 124 chuo hicho hakikuwahi kuongozwa na kiziwi. Machi 1988 bodi ikachagua tena mtu anayesikia, Elisabeth Zinser, wakati viziwi wawili walikuwa wamefika hatua ya mwisho. Wanafunzi wakafunga mageti, wakaandamana, na ndani ya wiki moja wakashinda. Mkuu mpya akawa I. King Jordan. Huyu alizaliwa akisikia. Alipoteza masikio akiwa na miaka 21, kwa ajali ya pikipiki. Hata hivyo walimshangilia kama mtu wao.

Mwaka 2006 mambo yakawa mengine. Aliyechaguliwa kumrithi, Jane Fernandes, alizaliwa kiziwi. Lakini alilelewa kwa kuongea, akajifunza lugha ya alama akiwa na miaka 23. Maandamano yakaanza. Yeye alisema wapo wanaomwona si kiziwi wa kutosha. Waandamanaji wakasema hapana, tunapinga uongozi wake na namna alivyochaguliwa. Oktoba bodi ikamwondoa kabla hajaanza kazi.

Tunajifunza nini? Daktari anapima masikio kwa desibeli, lakini desibeli hazimpi mtu jamaa. Anayempa ni lugha, na kusimama pamoja wakati wa shida. Ila lugha hiyohiyo ikigeuzwa kuwa mtihani wa kuingia, inavunja umoja.

Hapa kambini tuko wa namna nyingi: kuna waliozaliwa hivyo, kuna walioachwa hivyo na homa ya uti wa mgongo, kuna walioharibiwa masikio na milio ya mabomu. Yule anayesikia kidogo anabaki katikati. Wanaosikia wanasema anajifanya. Viziwi wanasema si mwenzetu. Kwenye foleni ya kuandikishwa anajibu "ndiyo" kwa swali ambalo hakulisikia, na jibu hilo linabaki kwenye faili lake.

Basi wahudumu, msiishie kuuliza, "Unasikia?" Muulizeni anataka muwasiliane naye kwa njia gani. Na sisi vijana, anayekuja kuchelewa kwenye lugha ya alama tumfundishe, tusimcheke. Wanafunzi wa 1988 walishinda kwa sababu walikuwa wengi na walikuwa pamoja.