Asomewe Alichosema

Jina la Kariakoo lilipita sikioni kwanza ndipo likafika kwenye karatasi. Majeshi ya Waingereza yalipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, kikosi cha wapagazi wa vita kilipiga kambi katika eneo ambalo leo tunanunua mchele, vitenge na vipuri vya pikipiki. Kwa Kiingereza kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Watu wa mji walilisikia jina hilo kwa masikio yao, wakalitamka kwa ndimi zao, na siku lilipokuja kuandikwa likawa Kariakoo. Nairobi nako wapagazi walikuwa na kambi yao, na jina lile lile likaandikwa Kariokor. Neno moja, miji miwili, maandishi mawili.

Jina la kambi tumebaki nalo, lakini majina ya wapagazi wenyewe kwa sehemu kubwa hatunayo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe hata mtu bila daftari hupotea bila habari.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu siku hizi tumepata karani mpya. Pita Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Msimbazi utamwona mfanyabiashara ameweka simu karibu na mdomo, anazungumza, na maneno yake yanajiandika kwenye kioo. Wengine hupeleka sauti iliyorekodiwa, ya mkutano au ya mahojiano, kwenye huduma iliyoko katika intaneti, na baada ya dakika chache hurudishiwa kurasa za maandishi. Sisi wa kazi ya redio tunaijua thamani ya jambo hilo. Kuandika maneno ya kanda ya saa moja, neno kwa neno, ni kazi ya saa nne na zaidi. Unasikiliza, unasimamisha, unarudisha nyuma, unasikiliza tena. Anayekuondolea mzigo huo hana budi kushukuriwa.

Lakini kabla ya kumkabidhi karani huyu daftari letu, yafaa tuwakumbuke makarani waliomtangulia, maana kati ya mdomo wa Mswahili na karatasi amekuwapo mtu wa tatu kwa miaka mingi.

Mwaka 1864 alifika Unguja mmisionari wa Kiingereza, Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu. Alikaa na wenyeji wakimsimulia hadithi, naye akaziandika kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1870 hadithi hizo zilichapishwa London, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Kwenye jalada ilielezwa kuwa ni hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Kazi ile ilikuwa na faida kubwa, maana hadithi nyingi tulizozisoma shuleni zilipitia mikono ya watu kama Steere. Hata hivyo, jina lililokaa jalada ni la aliyeandika. Waliosimulia wakawa ni wenyeji tu.

Jambo kama hilo lilimpata Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu aliyeishi Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki. Habari alizoziandika yeye, pamoja na za Waswahili wengine, juu ya harusi, matanga, ngoma, biashara na madeni, zilitolewa mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Jalada lilibeba jina la Mjerumani Carl Velten. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza iliyotayarishwa na J.W.T. Allen ilipochapishwa Marekani, ndipo jina la Mtoro likasimama kwenye jalada la kazi yake. Ni miaka 78. Mtoro mwenyewe alikwisha kufa mwaka 1927.

Wapo waliofikiri kwamba dawa ya karani ni mashine. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alitembea kusini mwa nchi yetu, sehemu za Lindi na Newala, akiwa na kinasa sauti cha silinda za nta. Mtu aliimba mbele ya pembe, sindano ikachora sauti katika nta, na baada ya dakika chache aliyeimba akajisikia mwenyewe. Hapakuwa na karani wa kukosea. Lakini sauti ile ilisafiri kwenda Ujerumani, na wajukuu wa walioimba wakabaki Newala. Kuhifadhi sauti ni jambo moja, na kuwafikishia watu wake maana yake ni jambo jingine.

Sisi wenyewe tuna sauti nyingi za namna hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, likafuata Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, pale Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Kanda zilizokusanywa miaka hiyo zina hotuba, taarab, muziki wa dansi, michezo ya kuigiza na mazungumzo ya wazee. Kila mtangazaji anajua tabu ya kanda isiyo na maandishi. Ukitaka sentensi moja ya mzee fulani, huna budi kuisikiliza kanda nzima. Ni kama duka lenye mali tele lakini halina daftari. Mashine inayogeuza sauti kuwa maandishi yaweza kulifungua duka hilo, na hili peke yake latosha kutufanya tuipokee kwa mikono miwili.

Tunajua pia ni nini hutokea mtu akiwahi kuandika. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Waliwakuta wazee ambao wakati wa vita walikuwa watoto au vijana. Wazee wale hawapo tena. Laiti wanafunzi wangechelewa miaka 20, habari za vita ile tungezisoma zaidi kwa maneno ya maofisa wa Kijerumani kuliko kwa maneno ya waliopigana.

Basi, ndugu wasikilizaji, mahali ambapo uzito wa karani unajulikana kuliko popote ni mahakamani. Hapa wilayani Ilala tunayo Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, na kila siku watu huingia pale kutoa ushahidi kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi Mahakama za Mwanzo ziliandika kwa Kiswahili, lakini katika ngazi za juu shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa mkono wake, kwa Kiingereza. Hakimu alikuwa ni msikilizaji, mfasiri na karani kwa wakati mmoja. Shahidi akisema alipigwa mkononi, Kiingereza kinataka kujua ni kiganja au ni mkono mzima. Akisema mtu alikuja saa nne, mfasiri asiye makini anaweza kuandika saa kumi. Akisema "alinipiga," Kiswahili hakituambii kama aliyepiga ni mwanamume au mwanamke, bali Kiingereza hakikubali kunyamaza. Rufani ikikatwa, majaji wa juu hawamsikii yule shahidi. Wanasoma kilichoandikwa, na kwa kilichoandikwa mtu huenda nyumbani au huenda gerezani.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Baada ya hapo Mahakama ya Tanzania ikaanza kuleta mfumo wa akili mnemba wa kunakili na kutafsiri yanayosemwa mahakamani, uliotengenezwa na kampuni ya Almawave ya Italia. Ni hatua njema. Hakimu aliyeweka kalamu chini ana nafasi ya kumtazama shahidi usoni, na mashauri yanaweza kwenda mbio kuliko mkono wa mtu.

Sasa tumtazame karani huyu anavyofanya kazi. Hasikii kama tunavyosikia sisi. Amelishwa maelfu ya saa za sauti pamoja na maandishi yake, na kutokana na hayo amejifunza kubahatisha: sauti ikiwa hivi, neno linaloelekea ni hili, na baada ya neno hili linaloelekea ni lile. Kwa hiyo maneno yaliyozoeleka huyapata upesi. Yasiyozoeleka huyasukuma kuelekea yaliyozoeleka.

Hapo ndipo swali la Kiswahili linapoingia. Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti mwezi Agosti 2017, kikiwamo cha Tanzania na cha Kenya. Programu iitwayo Whisper, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI ya Marekani mwaka 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Katika hizo, saa 117,000 tu ndizo zilizogawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwanafunzi aliyesoma hivyo atakijua Kiingereza kwanza, na sisi atatujua kwa kubahatisha zaidi.

Halafu kuna Kiswahili cha darasani na kuna Kiswahili cha Kariakoo. Huku mtu anasema mbio, honi zinalia, muuza maji anapita, na herufi "h" ina tabia ya kumezwa. Mfanyabiashara akisema "sijalipwa" katika kelele zile, haiko mbali na "nishalipwa." Aliyesema "hakuja" huku ameimeza "h" yake, mashine yaweza kumwandikia "akaja." Tofauti ni silabi moja au mbili tu, lakini moja ni deni na nyingine ni risiti, moja inamtoa mtu mahali pa tukio na nyingine inamweka pale pale. Na mashine haikunji uso ikiwa haikusikia vizuri. Huandika kosa kwa mwandiko ule ule safi inaoandikia ukweli.

Liko na kubwa zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani waliipima Whisper kwa sauti za Kiingereza, wakakuta kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande walivyovipima, programu iliandika maneno ambayo hayakusemwa na mtu yeyote. Mara nyingi ilikuwa ni pale msemaji alipokaa kimya kidogo. Karani amekuta nafasi tupu, akaijaza. Ikiwa ni hivyo kwa lugha aliyolishwa kuliko zote, hatuna sababu ya kulala usingizi kwa lugha aliyolishwa kidogo.

Je, tuikatae? Hasha. Kukataa karani asiyechoka kwa sababu ana makosa ni kuwarudisha watu kwenye foleni. Yako mambo mawili ya kufanya.

La kwanza ni kumfundisha. Mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla umekuwa ukikusanya sauti za Kiswahili za watu wanaojitolea. Mmoja husoma sentensi, na wengine husikiliza na kuthibitisha kama imesomwa sawasawa. Majirani zetu wa Rwanda wamekusanya katika mradi huo zaidi ya saa 2,000 za Kinyarwanda. Kiswahili chenye wasemaji wengi hivi hakina udhuru wa kubaki nyuma. Wala isiwe sauti za wasomi tu. Aingie mama lishe, aingie kuli, aingie mzee wa Pemba na kijana wa Buguruni. Na anayetoa sauti ajue inakokwenda, maana sauti ni mali ya mwenyewe, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

La pili halihitaji mtambo wowote. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ilikwisha kulisema. Shahidi anayo haki ya kuomba asomewe ushahidi wake kama ulivyoandikwa, na akiwa na la kusema juu ya maandishi hayo, maneno yake yaandikwe. Waliotunga sheria ile walijua kwamba kalamu ya hakimu ni kalamu ya binadamu. Haki hiyo isife kwa sababu kalamu sasa ni mashine. Ipanuliwe ifike hospitalini, ifike kwenye mkutano wa mtaa, ifike kwetu sisi waandishi wa habari. Aliyesema asomewe alichosema, kwa lugha aliyosemea, kabla karatasi haijatiwa saini na kabla gazeti halijachapwa. Na jina lake liandikwe.

Wapagazi wa 1916 hawakusomewa kitu. Waliosimulia hadithi kwa Steere waliitwa wenyeji, na Mtoro alingoja miaka 78. Sisi karani wetu yumo mfukoni. Kumwambia "hebu nisomee" hakutuchukui hata dakika mbili.