Mbuzi Kwenye Gunia, Gari Kwenye Picha

Ndugu zangu vijana, wapenda magari na wapenda kalamu, leo nina jambo moja tu la kusema: tapeli wa mtandaoni hakuzaliwa na intaneti. Ni mzee kuliko gari lenyewe. Tukisikia mwenzetu kalizwa hela kwa picha ya gari, tunakimbilia kusema, "Ah, dunia imeharibika!" Mimi nabisha. Dunia ilikuwa hivyo hivyo. Kilichobadilika ni umbali kati ya jicho la mnunuzi na kitu anachokinunua, na kila umbali huo ulipoongezeka, tapeli alijenga kibanda chake hapo katikati.

Hebu turudi nyuma. Mwaka 1828 Mfaransa Eugène-François Vidocq, aliyewahi kuwa mfungwa kisha akawa mkuu wa wapelelezi wa Paris, alianza kuchapisha kumbukumbu zake. Humo anaeleza barua zilizoandikwa na wafungwa, zikiitwa barua za Yerusalemu. Barua inamfikia mtu mwenye uwezo: mimi nilikuwa mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia mapinduzi, njiani tukaacha kasha la vito mahali nipajuapo, sasa niko ndani, nisaidie kidogo. Kasha lenyewe hakuna. Baadaye mchezo huo ukaitwa Mfungwa wa Hispania. Miaka ya 1980 na 1990 ukaja kwa posta na faksi kutoka Nigeria, ukapewa jina la 419, namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo kinachohusu udanganyifu wa namna hii. Sura zinabadilika, mwendo ni ule ule: kitu kizuri kiko mbali, muda ni mfupi, tanguliza hela.

Sasa magari yanaingiaje? Septemba 1995, huko California, Pierre Omidyar alianzisha mnada wa mtandaoni ambao baadaye uliitwa eBay. Mwaka 1999 kampuni hiyo ikanunua Kruse International, nyumba ya minada ya magari ya kale. Zamani mpenzi wa gari kuukuu alizoea kwenda mwenyewe. Alifungua boneti, akalala chini kutafuta kutu, akanusa oili. Sasa mtu wa Ohio akaweza kununua gari lililoko Texas huku anakunywa chai yake. Raha, si ndio? Lakini gunia la mbuzi ni lile lile, ila safari hii limebandikwa picha ya mbuzi.

Hata wauzaji hawakupona. Mnunuzi anatuma hundi inayozidi bei, anasema kilichozidi mpe msafirishaji. Sheria ya Marekani huzitaka benki zimwachie mteja fedha za hundi ndani ya siku chache, lakini kugundua kwamba hundi ni ya bandia kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Muuzaji anaona salio limepanda, anatuma hiyo "chenji", halafu hundi inarudi imekataliwa. Hapo deni ni lake.

Kesi iliyonifundisha zaidi ni ya genge la Bayrob la Romania, lililoanza kazi hiyo mwaka 2007. Hao jamaa walitangaza kwenye minada ya mtandaoni vitu vya bei kubwa zaidi ya 1,000, yakiwemo magari na pikipiki. Picha zao zilibeba virusi. Ukiibofya picha, unapelekwa kwenye ukurasa unaofanana na wa eBay, kumbe wameuchora wao. Ukurasa huo ulikuwa hata na "wakala" wa kushika fedha zako mpaka mzigo ufike, naye ni mtu wao. Viongozi wawili walitiwa hatiani huko Ohio Aprili 2019, na Desemba mwaka huo wakahukumiwa miaka 20 na 18. Jamani, tuelewe hapa: waliolizwa si wajinga. Walifuata utaratibu, wakapitia kwa wakala. Shida ni kwamba utaratibu wenyewe uliletwa na muuzaji. Ushahidi anaokuletea yule anayekuuzia, bado ni maneno yake tu.

Basi ushahidi wa kweli uko wapi? Kwanza uko kwenye chuma. Chukua Nissan Skyline GT-R ya R32, iliyotoka mwaka 1989. Sheria ya Marekani ya 1988 huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa bila kutimiza masharti ya usalama ya nchi hiyo. Hivyo mwaka 2014 mlango ulifunguka kwa R32, na bei ikapaa. Wajanja wakaona mwanya: Skyline ya kawaida inavishwa bampa, taa na beji, inakuwa "GT-R". Kwa picha utaapa ndiyo. Lakini namba ya chasisi ya GT-R halisi ya R32 huanza na BNR32. Ile ya GTS-t huanza na HCR32. Herufi mbili tu, na uongo wote uko uchi.

Kwetu Dar es Salaam na Mombasa, ambako magari mengi huja yametumika kutoka Japani, umbali ni wa bahari nzima. Tapeli huazima jina na picha za kampuni halali, akafungua tovuti yake, kisha akatoa akaunti nyingine ya benki. Hata karatasi ya mnada ya Japani, ambayo alama R humaanisha gari liliwahi kuumia na kutengenezwa, inaweza kughushiwa. Kwa hiyo namba ya simu itafute mwenyewe kwingine, usitumie aliyokupa yeye. Omba picha ya namba ya chasisi, pembeni pana karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Na kishika uchumba usikitoe kwa sababu umeambiwa "kuna mteja mwingine yuko njiani".

Zaidi ya yote, tuna wenzetu. Kundi la wapenda magari lina macho kila mji. Spea iko Mwanza? Mwambie mwanachama wa Mwanza akaishike kwa mkono. Hiyo ndiyo dawa ya umbali, na tapeli anaiogopa kuliko polisi. Ndiyo maana naumia nikiona makundi yanavunjika kwa kushukiana, na aliyelizwa ananyamaza kwa aibu.

Na sisi tunaoandika tuna kazi ya ziada. Barua ya Yerusalemu ilikuwa hadithi fupi: ina mhusika, ina hazina, ina haraka. Tapeli ni mtunzi mwenzetu aliyepotoka. Basi tumsome kama tunavyosoma hadithi, tumuulize kwa nini hapa kaharakisha na pale kanyamaza. Kisha tuandike maneno yake yalivyo, ili atakayeyasikia kesho ayajue kabla hajatoa hela.