Mwaka Ambao Hesabu ya Naivasha Ilikataa

Mkazi wa Kilimani yuko karibu na Ziwa Naivasha kuliko anavyodhani. Si kwa barabara, maana gari litakula kilomita tisini hivi kabla hujayaona maji. Ukaribu wenyewe ni wa makaratasi. Upande wa mashariki, Ngong Road inapokaribia mjini, iko Maji House, makao ya wizara inayoweka vipimo vya mito na maziwa. Upande wa magharibi, barabara hiyohiyo ikifika Dagoretti Corner, iko Idara ya Hali ya Hewa na kumbukumbu zake za mvua. Kaskazini, ukivuka Kirichwa Kubwa na kuimaliza Kileleshwa hadi ng'ambo ya Riverside, utaikuta Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kijana anayetaka kujenga modeli ya ziwa huanza kwa kuizunguka pembetatu hiyo, barua ya utambulisho mkononi, akiomba namba.

Neno lenyewe, modeli, humletea taabu nyumbani. Ukisema mtaani kwamba mtoto wa fulani siku hizi ni mtu wa modeli, watu watauliza anavaa nguo za nani. Kumbe jambo ni la kawaida mno, na majengo ya Kilimani yanalifanya kila wiki bila kuliita jina. Juu ya paa kuna tangi. Maji ya mfereji huingia siku za zamu, lori la maji likaongeza siku za dhiki, wapangaji wakafungua bomba, na pengine mahali fulani bomba linavuja. Msimamizi wa jengo anayejua kilichoingia na kilichotoka anaweza kukutajia kimo cha maji tangini bila kupanda ngazi. Akipanda akute kimo si kile alichotaja, basi ama hesabu yake ina kasoro, ama kuna mtu anachota asiyemjua.

Naivasha ni tangi la namna hiyo, ila ni kubwa na lina siri. Mito ya Malewa, Gilgil na Karati huingia humo, Malewa ukileta sehemu kubwa kupita yote. Mvua hunyesha juu yake, jua hulivukiza. Lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Ziwa la Bonde la Ufa lisilo na mto wa kutokea huwa na magadi, kama Nakuru na Elmenteita yalivyo, kwa sababu maji hupaa angani na chumvi hubaki. Naivasha ni la maji baridi, watu huyanywa. Mwanajiolojia J. W. Gregory, aliyepita huko 1893, alidhani kuna njia ya chini kwa chini. Hakukosea, ingawa ilichukua miaka mingi kupata uthibitisho wa vipimo.

Waliofuata walikuwa vijana, na hili napenda likumbukwe, kwa kuwa picha ya mtafiti tuliyozoea ni ya mzee mwenye miwani. Mwaka 1927 E. Barton Worthington, akiwa na miaka 22 hivi, alifika Ziwa Victoria kumsaidia Michael Graham kuchunguza uvuvi. Mwaka 1929 Penelope Jenkin, ambaye naye hakuwa amefika thelathini, alikuja na nyavu zake kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Mwaka 1930 Worthington alirudi akiongoza msafara wa Cambridge, na humo alikuwamo Leonard Beadle, kijana mwenzao, aliyepima kemia ya maji. Kazi yao ilikuwa kuorodhesha: samaki gani yupo, mdudu gani, chumvi kiasi gani. Modeli haikuwapo akilini mwa yeyote. Ila bila orodha hizo, waliokuja nyuma wasingekuwa na pa kuanzia.

Wakati huohuo wakulima wazungu wa kandokando ya ziwa walikuwa na sababu zao za kuyaangalia maji. Ziwa likirudi nyuma huacha ardhi, na ardhi huzua swali la ni ya nani. Mwaka 1931 waliunda chama chao cha wamiliki wa ufuoni. Usomaji wa kimo cha ziwa uliandikwa mwezi hadi mwezi, na kuanzia 1932 mfululizo wake ulitosha kufanyiwa hesabu. Ubao wenye mistari umesimama majini, mtu anafika, anainama, anasoma, anaandika. Ukimuuliza mtaalamu wa maji ni nani aliyeijenga modeli yake, kama ni mkweli atamtaja kwanza huyo aliyeinama.

Chuo cha Nairobi kilipopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1970, Naivasha lilikuwa limekwisha kuchafuliwa na mikono ya watu kiasi cha kuwa darasa zuri. Samaki wa asili alikuwa mmoja tu, mdogo kama kidole, na mara ya mwisho kuonekana ni 1962. Waliobaki karibu wote wameletwa: basi (bass) wa Marekani mwaka 1929, kwa ajili ya wenye kuvua kwa burudani, kisha perege wa aina mbili katika miaka ya 1950. Gugu la salvinia lilitanda miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakatiwa kamba wekundu wa Louisiana, wakazaana, wakala majani ya chini ya maji mpaka yungiyungi wakapotea. Hapo ndipo mwanafunzi wa Chiromo alipoanza kuuliza swali la aina mpya. Swali halikuwa tena nani yupo. Lilikuwa: nani anamla nani, na kiasi gani?

Mmoja wao alikuwa Kenneth Mavuti, aliyekuja kuwa profesa wa zuolojia hapohapo. Mwaka 1981, pamoja na M. R. Litterick, alichapisha makala juu ya zuplanktoni wa Naivasha, yaani wale wanyama wadogo waeleao majini. Kazi hiyo haina utukufu wowote. Wavu wenye matundu madogo mno unashushwa majini na kupandishwa, kilichonaswa kinatiwa dawa isioze, tone linawekwa chini ya hadubini, na hapo mtu anahesabu. Huyu ni Thermocyclops, huyu ni mwingine, huyu ni kipande tu cha mguu. Kesho tone lingine. Miezi inapita. Rafiki zako wameajiriwa benki na wewe unahesabu wadudu wasioonekana kwa macho.

Lakini kutokana na kuhesabu huko Mavuti aliona jambo. Katikati ya ziwa chakula kilikuwa kingi na walaji hawapo. Samaki walioletwa walikuwa watu wa ufuoni: perege hukaa karibu na mimea, naye basi wa Marekani huwinda kwenye kina kifupi. Zuplanktoni wa maji ya wazi waliishi na kufa karibu bila kuguswa na samaki. Jambo la namna hiyo halionekani ukimtazama samaki peke yake wala mdudu peke yake. Linaonekana tu ukiweka daftari moja la mapato na matumizi ya ziwa zima.

Daftari hilo lilikwisha buniwa kwingine. Mwaka 1984 Jeffrey Polovina, akichunguza matumbawe ya Hawaii, alichapisha mfumo alioupa jina Ecopath. Villy Christensen na Daniel Pauly, wakiwa kwenye kituo cha utafiti wa samaki huko Manila, waliupanua na kuusambaza kwa programu ambayo kompyuta ya kawaida ya miaka ya 1990 iliweza kuibeba. Kanuni yake mama yeyote wa nyumbani angeielewa: unga ulioingia jikoni lazima uonekane mahali. Kila kundi la viumbe huzalisha kiasi fulani kwa mwaka, na kiasi hicho ama kimeliwa, ama kimevuliwa, ama kimehama, ama kimekufa na kuwa matope. Kisipotimia, umesema uongo mahali fulani, na programu itakuonyesha ni wapi.

Mwaka 1996 Mavuti, Jacques Moreau na wenzao wawili walichapisha modeli ya Naivasha ikiwa sambamba na Ihema, ziwa dogo la Rwanda. Tazama ni miaka mingapi tangu lile tone la kwanza chini ya hadubini. Vijana wanaofungua kompyuta leo na kupata jibu kabla ya chai hawana budi kujua kwamba namba wanazoziita data ni miaka ya mtu.

Hesabu ya pili, ile ya maji yenyewe, ilikuja mwaka 2002. Waliochapisha walikuwa Robert Becht, wa taasisi ya ITC huko Enschede, Uholanzi, ambako Wakenya wengi wamesomea upimaji wa maji, na David Harper wa Leicester, aliyekuwa akilifuatilia Naivasha tangu miaka ya 1980. Walichukua mvua, uvukizi na maji ya mito, wakaweka chini ya ziwa hazina ya maji ya ardhini inayopokea na kurudisha, kisha wakaiacha hesabu itembee peke yake mwezi kwa mwezi kuanzia 1932. Baadaye wakailinganisha na kile ambacho yule mtu wa ubao alikiandika.

Kwa miaka hamsini mistari miwili iliandamana kama pacha. Kwa miezi karibu yote tofauti yake haikuzidi kiasi cha nusu mita, ingawa humo mna ukame wa miaka ya 1940, ziwa liliponywea sana, na mvua kubwa za 1961. Ilipofika 1982 mistari ikaachana. Hesabu ilisema maji yawe juu, ubao ukasema yako chini, na pengo likazidi kupanuka. Kufikia 1997 ziwa lilikuwa mita tatu hadi nne chini ya pale lilipopaswa kuwa.

Mwanafunzi yeyote angerudi nyuma kutafuta kosa lake, na ndivyo afundishwavyo. Lakini modeli iliyopatia nusu karne haianzi kukosea ghafla kwa mwaka mmoja. Kilichokosekana kilikuwa safu nzima katika daftari: mchotaji. Mwanzo wa miaka ya 1980 ndipo kilimo cha maua na mboga za kuuza Ulaya kilipoanza kuota mizizi ufuoni, pampu zikavuta maji ya ziwa na ya visima. Hakuna aliyekuwa na orodha kamili ya pampu hizo. Kwa hiyo hesabu iliyoshindwa ndiyo iliyopima walichochota, kama vile msimamizi wetu wa Kilimani anavyomjua mwizi wa maji kwa kutazama tangi tu.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo makala bora iliyowahi kuandikwa juu ya ziwa la Kenya, na ubora wake umo katika kile ambacho modeli haikuweza kukieleza.

Mwaka 2009 ukame ulilishusha ziwa hadi kimo ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1940. Mamlaka ya maji ikaandaa mpango wa ugawaji, kwamba kiasi cha kuchota kifuate kimo cha ziwa. Kila mtu Nairobi alizungumza kana kwamba Naivasha linakufa.

Halafu likaanza kupanda, nalo halikuwa peke yake. Nakuru lilivamia lango la hifadhi yake, Baringo likameza hoteli na shule, na mwaka 2020 maji ya Naivasha yakaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto. Ripoti ya serikali ya 2021 ilitaja mvua iliyozidi, udongo unaomomoka kutoka mashamba ya juu, na mienendo ya ardhi yenyewe ya Bonde la Ufa, na bado inabaki kupima kila kimoja kina uzito gani.

Kwa hiyo barua za utambulisho bado zinaandikwa. Kijana wa sasa anataka mvua ya Dagoretti Corner, anataka Malewa kutoka Maji House, anapewa faili yenye miezi iliyo tupu kwa sababu mafuriko yaliondoka na ubao wa mtoni, anarudi Chiromo na kuketi. Safu ni zilezile: mvua, mito, uvukizi, maji ya chini, wachotaji. Anaandika 1932 kwenye mstari wa kwanza na kuiacha hesabu itembee, akingoja kuona ni mwaka gani safari hii mistari itaachana.